Anwani ndo inachagua shule: kisa cha Shawnee Mission, Kansas

Overland Park, jimbo la Kansas, Marekani, ni mji mmoja, una meya mmoja na jeshi moja la polisi, ila ukiuliza watoto wake wanasoma wilaya gani ya shule utapata majibu tofauti. Wa kaskazini wapo Shawnee Mission, wa kusini wapo Blue Valley, na kipande cha upande wa magharibi ni cha Olathe. Watu wawili wanatazamana barabarani, nyumba zinafanana, wote wanaandika Overland Park kwenye bahasha, na bado mtoto wa mmoja anapanda basi la kwenda huku na wa mwenzake la kwenda kule, kodi wanalipa tofauti, na siku ya uchaguzi kila mmoja anapigia kura bodi ya kwake. Hapo wageni wengi wanachanganyikiwa, na sio wageni wa kutoka kwetu tu, hata Mmarekani aliyehamia kutoka jimbo lingine inabidi ambane dalali maswali kabla hajasaini chochote.

Sisi tumezoea utaratibu mwingine. Tanzania shule ya serikali ipo chini ya halmashauri lakini mwalimu analipwa na serikali kuu, mtaala ni wa taifa na mtihani ni wa NECTA, na Kenya vilevile mwalimu ni wa TSC na mtihani ni wa KNEC. Kansas wilaya ya shule ni serikali ndogo inayojitegemea kabisa, ina mipaka yake ambayo hailazimiki kufuata mipaka ya mji, ina bodi iliyochaguliwa na wananchi, inatoza kodi, inakopa kwa hatifungani, inaajiri walimu na inaweza kuwaachisha. Meya wa Overland Park hana mamlaka hata ya kubadili rangi ya mlango wa darasa. Bodi ya Shawnee Mission ina watu 7, mmoja kutoka kila eneo la sekondari tano na wawili wa wilaya nzima, wanakaa miaka 4, na kwa miaka mingi sheria ya Kansas haikuruhusu walipwe mshahara, yaani mtu alikuwa anamaliza kazi yake ya mchana afu jioni anaenda kukaa kikao cha bajeti ya mamilioni na kurushiwa maneno na wazazi.

Ukitaka kuelewa kwa nini wilaya hii imekaa ilivyokaa, wanafunzi kama 26,000 kwenye maili za mraba 72 hivi, miji zaidi ya kumi imefungwa pamoja (Prairie Village, Mission, Mission Hills, Fairway, Roeland Park, Merriam, Leawood ya kaskazini, Lenexa, sehemu ya Shawnee na mingine), angalia mistari. Kila ugomvi mkubwa wa Shawnee Mission ulikuwa wa mstari, nani yuko ndani, nani yuko nje, na pesa ya walio ndani ibaki ndani au itoke.

Jina lenyewe limetoka kwa watu waliohamishwa kwa nguvu ya mikataba. Shawnee ni kabila la wenyeji asilia wa Marekani, walisukumwa kutoka Ohio na Missouri hadi Kansas ya leo baada ya mkataba wa 1825. Mmisionari wa Kimethodisti aliyeitwa Thomas Johnson akawafuata akafungua misheni 1830, afu 1839 akaihamishia pale ambapo leo ni Fairway, akajenga shule ya bweni ya kufundisha watoto wa Shawnee na makabila mengine Kiingereza, dini, kilimo na ufundi. Watoto walifika hadi karibu 200 wakati imechangamka. Huyo huyo Johnson alikuwa anamiliki watumwa, na 1855 bunge la kwanza la eneo la Kansas, lile lililokuwa upande wa utumwa, lilikuja kukaa vikao kwenye majengo ya misheni. Shule ilifungwa 1862, ila kaunti ikabaki na jina lake, Johnson County, na majengo matatu ya matofali bado yamesimama kama eneo la kumbukumbu la jimbo. Ukipita kwenye orodha ya shule za wilaya unakutana na Pawnee, Comanche, Shawanoe, Tomahawk, Indian Hills, Indian Woods. Majina yalibaki mengi kuliko wenye majina.

Misheni hiyo haina uhusiano wa kiutawala na wilaya ya sasa, ni jina tu lililoshika eneo. Mizizi ya wilaya yenyewe ni vishule vya vijijini. Mwishoni mwa karne ya 19 Kansas ilikuwa na wilaya za shule zaidi ya 9,000, ndio, elfu tisa, maana kila kundi la mashamba lilijipimia eneo ambalo mtoto anaweza kulitembea kwa miguu, likachagua bodi ya watu watatu, likajenga chumba kimoja, likaajiri mwalimu mmoja. Zilipewa namba tu ndani ya kaunti, Wilaya Namba 90 kwa mfano, na shikilia hiyo namba 90 maana tutairudia. Prairie School, ambayo imeutangulia mji wa Prairie Village kwa mbali, ilianza hivyo hivyo 1882. Iliungua 1990 ikajengwa upya, jina likabaki.

Shida ya vishule hivyo ni kwamba viliishia darasa la nane. Mtoto akimaliza hapo aende wapi? Kansas ikatunga sheria ya kuruhusu vijiji kuungana kujenga sekondari ya pamoja, na 1922 ikafunguliwa Shawnee Mission Rural High School, kwenye Johnson Drive karibu na Metcalf. Wakati huo neno "rural" lilikuwa halitanii, kulikuwa na mashamba na mifugo. Kwa hiyo mzazi mmoja alikuwa ndani ya serikali mbili za shule kwa wakati mmoja, kiwilaya kidogo cha msingi chenye namba yake na juu yake wilaya kubwa ya sekondari. Mpangilio huu wa ghorofa mbili ulidumu hadi 1969, na ndo unaoeleza mambo mengi yaliyotokea katikati.

Katikati hapo aliingia mtu wa viwanja. J.C. Nichols alianza Mission Hills mwaka 1914, na miaka ya 1940 kampuni yake ikaja na Prairie Village, nyumba ndogo nzuri, miti, maduka yaliyopangwa, yote hayo upande wa Kansas wa barabara ya State Line, inayotenganisha Kansas na Missouri. Viwanja vyake viliuzwa na masharti kwenye hati, na moja ya masharti lilikataza nyumba isimilikiwe wala kukaliwa na mtu mweusi, na masharti hayo yalitengenezwa yajirefushe yenyewe kupitia vyama vya wenye nyumba isipokuwa wengi wakubaliane mapema kuyafuta. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema 1948 kwamba mahakama haziwezi kusimamia masharti ya namna hiyo, ila kubagua kwenye kuuza na kupangisha nyumba kulikuja kukatazwa kwa sheria ya taifa 1968 tu. Kuanzia hapo ndo unaelewa kwamba wilaya ya shule kwa miaka mingi haikuhitaji kuandika popote kwamba shule hii ni ya wazungu. Hati ya kiwanja ilishamaliza hiyo kazi. (2020 Kansas City, Missouri iliondoa jina la Nichols kwenye chemchemi na barabara yake maarufu, kwa anayetaka kujua mambo yaliishia wapi.)

Ila kulikuwa na sehemu moja ambayo hati haikuweza kufanya hiyo kazi, kwa sababu weusi walikuwepo pale tangu zamani. South Park, kijieneo ambacho leo kimo ndani ya Merriam. Hiki ndo kipande cha historia ya Shawnee Mission ambacho mimi ningemwambia kila mtu akisome kwanza, maana kinaonyesha mstari unavyochorwa na mkono wa mtu, na kinatangulia kwa miaka mitano kesi ile maarufu ya Topeka (Brown dhidi ya Bodi ya Elimu, iliyokataza kutenganisha wanafunzi kwa rangi).

South Park ilikuwa Wilaya Namba 90. Watoto weusi walisoma Walker, jengo kuukuu la vyumba viwili, walimu wawili wanafundisha madarasa manane, choo kipo nje. 1947 bodi ikajenga shule mpya ya South Park kwa dola 90,000, ya kisasa, na fedha zilitoka kwenye kodi ya wote, weusi kwa wazungu. Ilipofunguliwa wakaingia wazungu peke yao. Wazazi weusi wakaenda kuuliza, wakaambiwa wabaki Walker.

Sasa sikiliza, sheria ya Kansas ilikuwa inaruhusu kutenganisha watoto wa msingi kwa rangi kwenye miji ya daraja la kwanza tu, yaani miji mikubwa, watu zaidi ya 15,000. South Park haikuwa hata mji. Kwa hiyo bodi ilikuwa haina ruhusa ya kusema "weusi huku, wazungu kule". Ikafanya nini? Ikachora maeneo. Ikasema sisi hatutenganishi rangi, sisi tumegawa tu wilaya sehemu mbili, wa sehemu hii waende Walker na wa sehemu ile waende South Park. Ukifuata huo mstari ulikuwa unapinda, unakata mashamba na vichochoro, unaruka nyumba hii unaizunguka ile, na ukiisha kuufuata wote unakuta nyumba za weusi ziko upande mmoja na za wazungu upande wa pili. Wilaya nzima ilikuwa ndogo kiasi kwamba unaitembea kwa miguu, haikuwa na sababu yoyote ya kugawanywa.

Mwaka 1948 wazazi weusi wakagoma. Wakatoa watoto wao Walker, na mwalimu Corinthian Nutter akakubali kuendelea kuwafundisha majumbani, yeye na mwenzake Hazel McCray Weddington. Nutter alijua anachokipoteza, maana Walker ikifungwa hakuna aliyekuwa anamwahidi mwalimu mweusi kazi kwenye shule ya wazungu. Upande wa pili alikuwepo Esther Brown, mama wa Kiyahudi kijana aliyekuwa anaishi Merriam, ambaye habari alizipata kwa Helen Swan, mama mweusi wa South Park aliyekuwa anamfanyia kazi za nyumbani. Brown alienda kwenye mkutano wa wilaya kuongea akazomewa, akapata vitisho, akaendelea kuzunguka kutafuta michango ya kuwalipa hao walimu wa majumbani na gharama za kesi. NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, wakaingia. Wakili aliyeianzisha kesi alikuwa Elisha Scott wa Topeka, baba yao Charles na John Scott ambao baadaye walikuja kuwa mawakili kwenye kesi ya Brown, kwa hiyo unaona hii kitu ilikuwa ndani ya familia.

Juni 1949 Mahakama ya Juu ya Kansas ikatoa hukumu kwenye Webb dhidi ya Wilaya ya Shule Namba 90. Bodi ikashindwa. Mahakama ikasema wilaya ya aina ile haina mamlaka ya kutenganisha kwa rangi, na ule mstari hauna mantiki ya kuitwa mgawanyo wa haki. Septemba watoto wakaingia South Park. Nutter kazi yake ya pale ikaisha kama ilivyotarajiwa, akaja kufundisha Olathe na huko akapanda hadi kuwa mwalimu mkuu. Esther Brown akahamishia nguvu zake Topeka, akawachochea NAACP wa kule nao wafungue, na 17 Mei 1954 ikatoka hukumu ya Brown dhidi ya Bodi ya Elimu ambayo kila mtu anaijua. (Brown wa Topeka hana udugu na Esther, ni bahati tu ya jina.) Merriam leo kuna bustani ya umma yenye jina la Esther Brown, pale pale South Park.

Kitu kimoja hukumu ya Webb haikukigusa ni sekondari. Miaka hiyo kijana mweusi wa Johnson County akimaliza darasa la nane alikuwa anavushwa kaunti kwenda Sumner, Kansas City, Kansas (mji tofauti na Kansas City ya Missouri), sekondari ya weusi iliyoanza 1905 baada ya bunge kuuruhusu mji ule peke yake kutenganisha sekondari. Sumner ilikuwa shule kali kitaaluma, hilo liwekwe wazi, wahitimu wake walienda mbali. Ila mtoto alipita sekondari ya jirani ili aifikie.

Baada ya vita watu walifurika. Wanajeshi wamerudi, mikopo ya nyumba ipo, barabara kuu zinajengwa, na mashamba ya Johnson County yakageuka nyumba kila mwaka. Sekondari moja ikawa haitoshi: 1958 wakafungua Shawnee Mission East kule Prairie Village na ile ya zamani ikaanza kuitwa North, 1962 ikaja West, 1966 South, 1969 Northwest. Sekondari nne mpya ndani ya miaka kumi na moja, ujue watu walikuwa wanakuja kwa kasi gani. West ndo waliyosoma wacheza sinema Paul Rudd na Jason Sudeikis, kama kuna mtu anapenda hizo.

Na bado chini ya hizo sekondari vilibaki viwilaya vidogo vya msingi zaidi ya kumi, kila kimoja na bodi yake, kodi yake, viwango vyake. Vingine tajiri, vingine vya kawaida. Watoto wote wanakutana kidato cha juu wametoka kwenye mafunzo tofauti kabisa. Jimbo lilishaanza kuunganisha wilaya kwa sheria ya 1963, na ndani ya miaka michache Kansas ilitoka kwenye maelfu ya wilaya hadi kama 300. Olathe na Blue Valley ziliungana 1965. Shawnee Mission ilichelewa hadi 1969, mpaka ikahitaji sheria yake maalumu, na hapo ndo ikazaliwa USD 512, yaani wilaya ya shule iliyounganishwa namba 512, vidogo vyote pamoja na wilaya ya sekondari chini ya bodi moja. Ilianza ikiwa na wanafunzi zaidi ya 40,000.

Hapa ndo jibu la fumbo la Overland Park lilipo. Wilaya zilifungwa mipaka katikati ya miaka ya 1960 kufuata vile viwilaya vya mashamba vya zamani, wakati Overland Park ilikuwa kamji ka kaskazini tu. Afu mji ukaendelea kukua kwenda kusini, ukameza ardhi ambayo tayari ilikuwa ya Blue Valley na Olathe. Mpaka wa mji ulisogea, wa shule ukabaki pale pale. Blue Valley ya 1965 ilikuwa vijishule vya wakulima wachache, leo ni wilaya ya watu wenye nazo na majengo mapya, kwa sababu tu nyumba za bei zilijengwa ndani ya mstari wake baada ya mstari kuchorwa.

Kuna mstari mwingine mkubwa kuliko hiyo yote, ule wa State Line, mpaka wa Kansas na Missouri, ambao kule ni barabara ya kawaida tu unaivuka bila kujua. Upande wa Missouri kuna Kansas City kubwa yenye wilaya yake, ambayo baada ya 1954 ilipoteza wanafunzi wazungu kwa kasi, na wengi walihamia mitaa ya pembeni ikiwemo Johnson County. 1977 wilaya ya Kansas City, Missouri ilifungua kesi ikidai vitongoji vimechangia kuutenga mji, na mwanzoni Kansas na wilaya zake za pembeni zilitajwa humo. Ziliondolewa mapema. Tayari 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imesema kwenye kesi ya Detroit, Milliken, kwamba huwezi kulazimisha wilaya za vitongoji kubadilishana wanafunzi na wilaya ya mji mpaka uthibitishe kwamba hizo wilaya zenyewe au jimbo zilisababisha utengano huo kuvuka mipaka. Kwa maneno mengine, ukiwa umevuka mstari umevuka. Kesi ya Missouri ikaendelea miaka mingi na mabilioni ya dola yakatumika upande wa Missouri peke yake. Shawnee Mission ikabaki salama ng'ambo ya barabara. Kwa maoni yangu hukumu ya Milliken imeviumba vitongoji vya Marekani kuliko hukumu ya Brown, ila haitajwi shuleni hata nusu.

Sasa twende kwenye pesa, na hapa watu wengi wanasinzia lakini ndo kiini.

Kodi ya majengo Kansas inapigwa hivi. Mthamini wa kaunti anakadiria bei ya nyumba yako, tuseme dola 400,000. Kwa nyumba ya kuishi inachukuliwa asilimia 11.5 tu ya hiyo, yaani 46,000, na hiyo ndo inayotozwa. Kiwango kinahesabiwa kwa mil, mil moja ni dola moja kwa kila dola 1,000. Kwa hiyo kwenye nyumba hiyo kila mil ni dola 46. Jimbo linatoza mil 20 kwa ajili ya shule kila mahali Kansas, hapo ni 920 kabla ya kuondoa msamaha wa kipande cha mwanzo cha thamani. Juu yake wilaya inaweka za kwake, za matengenezo na majengo (mwisho wake mil 8), za kulipia hatifungani ambazo wananchi wamezipigia kura, na za bajeti ya ziada ya hiari ya wilaya.

Hesabu hiyo hiyo ukiipeleka kwenye kaunti ya vijijini yenye nyumba za dola 80,000 na wafanyabiashara wachache, mil moja inaleta vijisenti. Ndo maana mahakama zilianza kubinya. 1992 bunge la Kansas likapindua mfumo: kodi ya shule ikawa ya jimbo kwa kiwango kimoja, ikaanza mil 32 na baadaye ikashushwa hadi 20, fedha zinaingia kapu moja zinagawanywa kwa kila mwanafunzi, na mwenye mahitaji zaidi (maskini, anayejifunza Kiingereza, anayeishi mbali na shule) anahesabiwa zaidi ya mtoto mmoja. Ile bajeti ya hiari ikawekewa dari, ambayo kwa sasa haizidi asilimia 33 ya fedha za msingi anazopangiwa na jimbo, kwa anayepata ridhaa ya wapiga kura, hata kama wilaya ina uwezo na hamu ya kutoza zaidi.

Johnson County walikasirika, na wewe ungekasirika. Unalipa, nyumba yako ni ya bei, na ukisema jamani tupo tayari kujiongezea kodi wenyewe kwa kura yetu wenyewe ili walimu wasipunguzwe, unaambiwa hapana. Desemba 2010, wakati wa mdororo wa uchumi na Shawnee Mission inakata bajeti na kujiandaa kufunga shule, wazazi kadhaa wa wilaya walifungua kesi mahakama ya shirikisho, Petrella dhidi ya Brownback, wakidai dari hiyo inavunja haki zao. Mwaka uliofuata ilitupwa, 2012 mahakama ya rufaa ikairudisha, na 2015 hiyo hiyo mahakama ya rufaa ikawakatalia: jimbo lina haki ya kuweka dari ili tofauti kati ya matajiri na maskini isipanuke. Wakati huo huo, tangu 2010, Wichita, Hutchinson, Dodge City na Kansas City, Kansas zilikuwa na kesi yao ya Gannon mahakama za jimbo zikidai kinyume, kwamba jimbo linatoa kidogo mno. Gannon walishinda mara kadhaa, bunge likaongeza fedha, na mahakama ikaja kuliachia jambo hilo 2024.

Zisome hizo kesi mbili pamoja. Wilaya moja inasema tuacheni tutumie chetu, nyingine inasema chenu kimetokana na mstari. Kila upande una hoja, ila binafsi nikikumbuka hati za Nichols siwezi kusema utajiri wa Mission Hills ulikuja kwa bidii tu, na nikimwangalia mzazi wa North anayepanga apatimenti Merriam na darasa limejaa naye simwoni kama tajiri wa kulaumiwa. Maana hilo nalo watu wa nje hawalijui: Shawnee Mission ya leo haifanani toka mwisho huu hadi ule. Eneo la East lina majumba ya Mission Hills, eneo la North lina familia nyingi za Kilatino, wapangaji, watoto wengi wanaokula shuleni kwa bei nafuu kwa kuwa nyumbani kipato ni kidogo. Ndani ya wilaya moja napo kuna mistari, ya nani anaenda sekondari ipi, na madalali wanaijua vizuri kuliko walimu.

Kwenye hatifungani dari haifiki, hapo wapiga kura wakikubali imekubalika. Januari 2021 walipitisha ya dola milioni 264, ikiwemo kujenga upya shule kadhaa za msingi. Kwa hiyo unapata hali ya ajabu kidogo, jengo jipya linang'aa na mwalimu wa ndani mshahara wake unabanwa na kanuni ya jimbo, kwa sababu pesa ya ukuta na pesa ya mshahara ziko mifuko tofauti na haziruhusiwi kuchanganywa.

Wanafunzi wamepungua kutoka zile 40,000 na ushee. Sio kwamba shule ziliharibika, eneo limejaa, hakuna shamba la kujenga tena, walionunua nyumba miaka ya 1960 walizeekea humo, na familia changa zilifuata nyumba mpya kusini. Shule nyingi zimefungwa, mojawapo iliyoleta kelele ni Mission Valley Middle School ya Prairie Village, 2011. Mwaka 2021 bodi ilipiga marufuku nembo za michezo zinazotumia watu wa asili, na North wakaacha kuitwa Indians waliyoitwa tangu zamani wakawa Bison. Wahitimu wa zamani walinung'unika, yakaisha.

Jipya ni sheria ya 2022, ilianza kufanya kazi mwaka wa masomo 2024/25. Inalazimisha kila wilaya ya Kansas kutangaza nafasi zilizobaki kwa kila darasa na kuwapokea watoto wa nje ya wilaya hadi zijae, bila karo, na wakizidi inapigwa bahati nasibu. Maombi ni Juni. Wilaya kadhaa za Johnson County zilipinga, hoja yao ikiwa kwamba mlipa kodi wa hatifungani anajenga jengo afu anakuja kukaa mtu ambaye hailipi. Ila kwa familia iliyopo Kansas City, Kansas, hata hizi za Wakongo na Warundi ambazo anwani zao ni za kaunti ya Wyandotte, sasa inawezekana kuomba Shawnee Mission bila kuhama nyumba. Ukiomba angalia mambo mawili. Nafasi zinatangazwa kwa shule na kwa darasa, kwa hiyo ndugu wawili wanaweza kupata mmoja akakosa mwingine, sheria inawapa ndugu kipaumbele lakini kiti lazima kiwepo. Na pili, wilaya hailazimiki kumfuata mtoto wa nje kwa basi, kwa hiyo kama mama anaingia zamu ya saa kumi na mbili asubuhi na gari la nyumbani ni moja, nafasi imepatikana kwenye karatasi tu.